Nani Anakunywa Batri ya Evariste?

Haya, fumbueni hili kabla uji haujapoa: ana macho mawili ya kioo, hana mguu hata mmoja, na kila asubuhi wanaume wanane wanamtoa kitandani kwa kumsukuma matako. Aliyeshindwa asinipe mji. Aende Kilibula, pale Uvira, akaone mwenyewe.

Mwaka ule uhuru ulipokaribia kutimiza mwaka, huyo alikuwa gari la Bwana Evariste, mkubwa wa ofisi. Mbelgiji wake alikuwa amekimbilia Usumbura na sanduku moja, akaacha meza, kofia na gari. Evariste, ambaye kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kumnolea penseli, akakalia meza, akavaa kofia, akapanda gari. Meza ilimtii. Kofia ilimteremka hadi masikioni, lakini nayo ilimtii. Gari likamkatalia. Jioni linafika nyumbani likinguruma kama chui, asubuhi batri imekufa kabisa, ukizungusha ufunguo linatoa sauti ya mzee anayetema kohozi. Basi majirani wanaitwa, wanasukuma, wanaimba, na mkubwa wa ofisi amekaa ndani, shingo imenyooka, anapunga mkono. Uhuru ulikuwa umempa yeye gari; majirani ulikuwa umewapa kusukuma.

Ng'ambo ya barabara, akiegemea baiskeli yake na kutafuna visamaki vya ndagala vya kukaanga, Donatien alikuwa akitazama.

Donatien alikuwa fundi wa kila kitu ambacho mwenye nacho hakijui. Saa yako ikisimama, yeye ni fundi wa saa. Bati likivuja, yeye ni fundi wa bati, na mvua ikirudi yeye yuko Bukavu. Ufundi wa kweli wa magari alikuwa nao, maana aliwahi kuwa tandiboi wa lori miaka miwili. Ila aliuona kama koti la harusi, hulivai ovyo ukalichakaza.

Asubuhi hiyo hakuona gari. Aliona ng'ombe. Kule Luberizi, muuza pombe mmoja aitwaye Nshimirimana alikuwa ameachiwa redio kubwa ya mbao na mzungu wa mashamba, redio isiyo na batri, imenyamaza kama sanamu. Naye alikuwa ametangaza: atakayemletea batri nzima kabla ya sikukuu ya tarehe thelathini Juni, watu wasikie hotuba na muziki wakinywa kwake, atapewa ng'ombe mwenye mimba. Donatien alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na hakuwahi kumiliki kitu chochote chenye pumzi isipokuwa yeye mwenyewe. Baba yake Sabine, msichana aliyetaka kumwoa, alikuwa amemwambia wazi: "Urudi hapa na ng'ombe, au usirudi." Na sikukuu ilikuwa imebaki wiki moja.

Akajifuta mafuta midomoni, akavuka barabara.

"Patron, motokari yako iko na ugonjwa."

"Weye ni nani?"

"Donatien, fundi wa diplome."

"Minye sihitaji fundi," Evariste akasema, akisukuma kofia iache macho. "Minye nilikaa karibu na Muzungu miaka sita. Gari nalijua."

"Hiyo naiona, Patron. Hata linavyolala linaonyesha mwenyewe ni musomi. Ila tarehe thelathini, kwenye gwaride, ile défilé, na mkuu wa territoire nzima akiwa amesimama pale, watu wanane wakisukuma..." Donatien akaacha maneno yaanguke yenyewe, kama mtu anayeacha kuku ajichagulie punje.

Evariste akatazama huku na huku. "Fungua kapo," akasema kwa sauti ndogo.

Donatien akainua kile kifuniko cha injini. Akachomoa waya mmoja wa batri, akatoa mfukoni balbu ndogo yenye nyaya mbili, akaishika katikati ya waya ule na batri. Balbu ikawaka.

"Unaona, Patron? Ufunguo uko mfukoni mwako, motokari imezimwa, na balbu inawaka. Kuna muntu anakunywa batri yako usiku kucha."

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Ya kwanza, balbu inawaka. Ya pili, inawaka. Ya nne, balbu ikazimika pwii. Donatien akafuata waya kwa kidole hadi ulipozama kuelekea nyuma.

"Nyuma iko nini, Patron?"

Evariste akakohoa. Akatazama mawingu. "Nyuma," akasema, "iko mama mukwe."

Na hapa tumhurumie kidogo, ingawa hastahili. Mkewe Léocadie alikuwa amejifungua, na mama yake, Kankindi, alikuwa amekuja kumkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji. Gari lililala uani, pua barabarani, mkia jikoni. Na jikoni ndiko Kankindi alikokaa. Mkwe mwenye adabu hasogei alipo mama mkwe wake, hamtazami usoni, hali mbele yake. Basi Evariste alikuwa na wiki tatu hajaona matako ya gari lake mwenyewe likiwa uani. Mtu aliyejua kila kona ya uhuru hakujua nyuma ya gari lake kuna nini.

"Niachie minye," Donatien akasema. "Minye si mukwe wa muntu."

Akazunguka. Sanduku la nyuma lilikuwa limefungwa nusu, mdomo umeshikiliwa na kijiti. Mbelgiji yule alikuwa mtu wa kuvua samaki gizani, na humo ndani alikuwa amefunga taa kubwa kama jicho la ng'ombe ya kutafutia ndoano zake. Taa inawaka kila sanduku likiwa wazi. Na chini ya taa, ndani ya boksi la sabuni lenye majani makavu, vifaranga ishirini na wawili walikuwa wamelala wamenona, wanaota joto kama makasisi.

"Usivute kijiti, mwanangu, watakosa hewa," sauti ikasema. Kankindi alikuwa ameketi kwenye mkeka, anapepeta mchele, hata macho hakuinua. "Wasukumaji wakija ndipo nawatoa. Kuku mama yao alichukuliwa na mwewe. Nikutegee?"

"Tega, Mama."

"Nina nyumba ambayo jua lake huchomoza watu wakienda kulala."

Donatien akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, weye ndiye unakunywa batri ya mukwe wako!"

"Minye nakunywa uji tu. Mwangaza niliukuta humo." Akapuliza makapi. "Utamwambia?"

Swali lilikuwa zuri. Dawa ya ugonjwa ule ilikuwa kuondoa kijiti kimoja. Fundi mwaminifu angekiondoa, akapewa ahsante na sahani ya ugali. Lakini ahsante haina mimba, wala haifungwi kamba shingoni. Donatien akachuchumaa.

"Mama, ukinyamaza, na minye nitanyamaza. Mukwe wako atanunua batri mpya. Minye nitamrudishia ile ya zamani, maana haina kosa lolote. Ile mpya nitaondoka nayo. Kisha weye unaenda kwenu na vifaranga vyako, taa inazimika, motokari inapona, kila muntu anafurahi."

"Na minye nafurahia nini?"

"Heshima, Mama. Hakuna atakayejua."

"Heshima ninayo nyingi, hata naigawa. Ile baiskeli yako iko na breki?"

Baiskeli ilimuuma. Lakini ng'ombe hununua baiskeli, baiskeli hainunui ng'ombe. "Iko na breki zote mbili," akajibu, kwa uchungu.

"Na hiyo batri, nani anaitaka hivyo?"

Mjanja wa mjini ana ugonjwa mmoja: akishinda lazima asimulie. Donatien akamwambia yote, Nshimirimana, redio, ng'ombe, mpaka Sabine na baba yake. Kankindi akasikiliza akitikisa kichwa kama mtu asiyejua hata Luberizi iko upande gani. Donatien hakumwuliza ametoka kijiji gani. Kwake yeye, mashamba yote yalikuwa shamba moja.

"Haya," Kankindi akasema. "Utaitoaje uani? Majirani wana macho."

"Hiyo ndiyo nilitaka weye unisaidie."

"Kapu la mama mukwe anayeondoka," akasema taratibu, "halifunuliwi na muntu. Hata mwizi analiheshimu."

Donatien akamtazama kwa mapenzi. Akajiambia kwamba mwanamke huyu angezaliwa mjini, angekuwa hatari.

Akarudi mbele akiwa na uso wa msiba. "Patron, batri yako iko na kifua kikuu."

"Haiwezi kupona?"

"Inaweza kufa vizuri. Leta mpya."

Evariste akaagiza mpya kwa Mgiriki mmoja wa Usumbura. Jumatano Donatien akabeba ile ya zamani "kwenda kuizika mbali na migomba," akaipeleka kwa mapadri wenye mashine ya umeme, ikalala imechomekwa, ikanywa ikashiba. Akaiosha, akaipaka vaselini kwenye vichwa, ikang'aa kama bwana harusi. Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya sikukuu, mpya ikafika. Evariste akasimama palepale, mikono nyuma, anasimamia kazi.

"Patron, asidi hii inaharibu macho."

"Macho yangu yamezoea."

Donatien akakohoa mara mbili. Kutoka jikoni Kankindi akainuka na mkeka wake, akazunguka gari polepole, akaja kuketi mbele kabisa, karibu na taa. Lo! Mkubwa wa ofisi akaona ncha ya kitenge, akashusha kofia usoni, akakimbia kinyumenyume, akaangusha ndoo, akapotelea kwa jirani. Raia walimwogopa Evariste, na Evariste alikimbia kitenge.

Batri iliyoshiba ikaingia garini. Mpya ikaingia kapuni, ikafunikwa majani ya mgomba, na Kankindi akalichukua kapu jikoni "kulifunga vizuri kwa kamba." Kijiti kikaondolewa. Donatien akazungusha ufunguo ulioachwa garini, gari likaunguruma mara ya kwanza tu, na Evariste, akiwa bado nyuma ya ukuta wa jirani, akapiga makofi.

Saa nne, mahali pa malori, Kankindi akamtwisha Donatien kapu kwa mikono miwili. Lilikuwa zito, zito kama heri. "Usifungue njiani, mwanangu. Watu wataona."

"Minye ni mutoto, Mama?"

Lori la Luberizi lilijaa chumvi, mbuzi na akina mama. Donatien akapakata kapu kama mtoto mchanga, vumbi likimwingia meno yote, maana alikuwa akitabasamu. Penye kizuizi mwanajeshi akagonga kapu kwa kitako cha bunduki.

"Hii nini?"

"Kapu la mama mukwe wangu."

Mwanajeshi akarudi hatua mbili, akasafisha koo. "Pita, mzee. Musalimie."

Mbele kidogo honi ikalia nyuma yao. Lori likasogea, na gari la Evariste likapita likitimua vumbi. Baiskeli ilikuwa imefungwa juu yake. Kati ya kiti cha mbele na cha nyuma kulikuwa na kitenge kimetundikwa kama pazia, kioo cha dereva kimegeuzwa kutazama dirishani, na Evariste amekaza macho barabarani, kofia masikioni. Nyuma ya pazia vifaranga walikuwa wakilia.

"Mukubwa gani yule?" mama mmoja akauliza.

"Mujinga mmoja wa Kilibula," Donatien akajibu. "Amenunua batri, na hana batri." Akacheka hadi mbuzi wakageuka. Hata akamwonea huruma, huruma ile tamu ya mtu aliyeshiba. Akaanza kumtafutia ng'ombe wake jina.

Luberizi walifika alasiri. Kabla lori halijasimama, Donatien akasikia muziki. Gitaa, ngoma, sauti ya mtu anaimba kutoka mbali sana. Akajiambia ni watu wa sikukuu. Akajitwika kapu, akapenya umati hadi kwa Nshimirimana.

Redio ya mbao ilikuwa juu ya meza, inaimba. Chini ya meza, nyeusi, mpya, yenye karatasi ya Mgiriki bado imebandikwa, ilikuwa batri.

"Nshimirimana!" Donatien akapiga kelele. "Batri yako nimeileta!"

"Umechelewa, kaka," Nshimirimana akasema, akifuta kikombe. "Shangazi ameileta saa sita. Na ng'ombe wake amekwisha kumchukua."

"Shangazi gani?"

Shangazi alikuwa ameketi kivulini pa ukuta, miguu imenyooshwa, vifaranga wanadonoa vidoleni pake, na pembeni ng'ombe mwekundu mwenye tumbo kubwa anacheua, amefungwa kwenye baiskeli. Evariste alikuwa amekwisha kugeuza gari kurudi mjini, mwenye furaha kuliko wote, mtu pekee katika kisa hiki ambaye gari lake lilikuwa linawaka na hakujua kwa nini.

Donatien akatua kapu, akakata kamba, akatupa majani. Ndani kulikuwa na jiwe la kusagia, jeusi, lililolika katikati kwa miaka ya mtama.

"Mama Kankindi," akasema, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana usifungue njiani, na hukufungua. Minye nakusifu." Akalipapasa jiwe kwa mapenzi. "Hili ni la mama yangu. Nililipeleka Uvira nimsagie mwanangu uji wa uzazi, na tangu hapo nikawa najiuliza, nani atanirudishia? Mukwe si wa kutumwa. Dereva wa lori angetaka kulipwa."

Watu wa pombe walikuwa wamesogea na vikombe vyao wasikie vizuri. Hata redio ilionekana kupunguza sauti.

"Nitakushitaki," Donatien akanong'ona.

"Sema, mwanangu. Utasema ulikuwa umebeba nini?"

Donatien akaokota vipande vya kamba, akaanza kuvikunja.

"Sasa," Kankindi akasema, akisogeza vifaranga kwa mguu, "liweke nyuma ya nyumba ile ya majani, upande wa jikoni. Taratibu, lisipasuke. Halafu urudi unishikie ng'ombe, nimkague matiti."

Donatien akainama, akajitwika jiwe.