Kabati la Umeme Lifungwe Tena

Kwako Mkuu wa Shule,

YAH: MWALIMU ALIYETUMIA VIFAA VYA MAABARA

Natumaini u mzima, wewe na ofisi yako yote. Mimi mtunza stoo wako afya ninayo, ila amani sina. Nimesikia umemwita Mwalimu wa fizikia ajieleze kwa nini alifungua kabati la kioo, na kwamba leo vifaa virudi ndani, nami nifunge. Mtihani wa vitendo umekaribia, lakini hilo ni dogo. Kabla moyo wako haujalainika, pokea malalamiko yangu.

1. Tangu kabati lile lifike, hakijaharibika kitu. Sumaku, balbu, nyaya, vyote vilikaa ndani ya nailoni zao. Siri ya utunzaji huo ilikuwa moja tu: hakuna mwanafunzi aliyevigusa. Wakaguzi wakija, nafuta vumbi kioo, wanachungulia, wanaridhika, wanakwenda kunywa chai. Mwalimu huyu kaja juzi tu, kachana nailoni mchana kweupe.

2. Zamani saketi ilikuwa ya chaki. Balbu ya ubaoni haikuungua hata siku moja. Haikuwaka pia, kwa hiyo hasara hakuna. Sasa watoto wa kidato cha tatu wanaunga balbu halisi, na isipowaka, eti wanatafuta kosa wenyewe! Mtu aliyezoea kunakili atasinzia saa ngapi?

3. Mwalimu kamwaga unga wa chuma juu ya karatasi, kaweka sumaku chini yake, na unga ukajipanga mistari. Umejipanga vizuri kuliko wanafunzi mstarini asubuhi, bila kiranja wala kiboko. Hii ni dharau kwa mwalimu wa nidhamu.

4. Nasumbuliwa stoo. Kuna binti tunamwita Kiherehere. Alinijia na "Shikamoo babu, hizo betri za redio yako zimekufa kweli, au umezitia kinyume?" Nilikuwa nimezigeuza. Redio sasa inaongea kutwa, na fundi wangu wa redio haniamkii tena.

5. Hili ndilo kubwa. Bweni likiwa gizani na ofisi yako inang'aa, siku zote tumewaambia laini yao imekatika, nao wakaitikia, "Sawa, babu." Juzi Kiherehere kafuata waya kwa macho, ukuta kwa ukuta, mpaka dirishani kwako, akawatangazia wenzake: "Jamani, hakijakatika kitu. Kuna swichi, na kuna mtu." Mkuu, leo wanafuata waya. Kesho watafuata sukari ya chai, na mimi na wewe tunajua inakoishia.

Kwa hiyo napendekeza Mwalimu ahamishwe, kabati lifungwe, na mtihani wa vitendo ufanywe kwa kuimba kanuni. Watakaofeli watakuwa wamefeli bila kuvunja balbu hata moja.

Nisalimie makamu wako, karani, walinzi wa getini, na kile kiti chako kinachozunguka.

Mtiifu wako asiyechoka,
Mtunza Stoo

N.B. Nilipomaliza kuandika nilikwenda kufunga kabati kama ulivyoagiza. Nikafunga. Kutoka nje tu, ufunguo ukaniponyoka, ukapita kwenye wavu wa mtaro. Mkono haufiki. Kiherehere akaomba betri za redio yangu, msumari na kipande cha waya, akauzungusha waya kwenye msumari, akaunga ncha zake kwenye betri, msumari ukawa sumaku, akaushusha. Ufunguo ni wa shaba, sumaku yake haikuutaka kabisa. "Tulia babu," akasema, "pete yake ni ya chuma." Ikanasa! Nilishangilia mpaka kofia ikaanguka. Basi, vifaa viko mezani maabara, ufunguo anao Mwalimu, na barua hii usiifanyie kazi. Kipindi ni kesho baada ya mapumziko, nimeahidiwa kiti cha mbele. Nawe karibu. Ila kabla hujatoka ofisini, tafadhali, washa ile swichi.