Makumbusho Katika Stoo ya Kahawa

Jumatano, 1 Machi 1995

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa majivu na nimeahidi kwamba Kwaresima hii sitajisifu. Nimeanza daftari hili ili wajukuu wajue mambo makubwa yalianzia wapi.

Wazo nimelipata Songea wiki iliyopita, tulipowapeleka watoto makumbusho baada ya harusi ya shemeji. Watu wazima wamesimama kimya, mikono nyuma, wanatazama chungu. Chungu! Mimi nyumbani ninavyo vinne. Kimoja tunachemshia maharage. Watoto walipenda mikuki. Mimi nilimpenda yule bwana wa mlangoni: amekaa, hashiki jembe, na kila anayeingia anamwamkia.

Tangu ushirika upunguze makarani, mimi Vitalis si mtu tena. Miaka kumi na minne nimepima kahawa ya watu, leo wanunuzi binafsi wanakuja na mizani yao na hata salamu hawana. Stoo yangu ya kahawa iko tupu. Lakini nyumba iko kando ya barabara ya Mbamba Bay! Kila familia inayoshuka ziwani lazima ipite mlangoni kwangu. Nimemweleza mke wangu, Gaudiosa. Amesema yeye anawaza maharage yaingie ardhini kabla mvua hazijakatika. Hana maono.

Alhamisi, 2 Machi

Jioni kwenye sengu, pale kwa Baba Mkubwa Blasius ambapo wanaume wa ukoo tunakula pamoja, kila mke akileta chakula chake. Baba Mkubwa ametoa tangazo. Mteremko wa ng'ambo ya kijito, uliokuwa wa marehemu babu, umelala miaka mitatu. Atampa mmoja: mimi au Pankras, mtoto wa baba mdogo. Atampa yule atakayemwonyesha kuwa ni mkulima. Nilimeza tonge bila kutafuna.

Gaudiosa aliposikia aliweka mwiko chini. Alisema mshahara hakuna, watoto ni watatu, shamba letu limechoka, na bila mteremko ule mwakani tutakula kwa huruma ya watu. Alisema polepole, bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Mteremko unaonekana vizuri kutoka barabarani. Patafaa sana kuegesha magari ya wageni.

Jumamosi, 4 Machi

Makumbusho yamekamilika mle stoo. Vyungu vitatu (cha nne kina maharage). Jiwe la kusagia. Mkuki, yaani nondo ya ushirika niliyoinoa. Kila kitu kina karatasi. Chungu kikubwa: CHA KIFALME, MIAKA 300. Gaudiosa alikumbusha kwamba alikinunua mwaka juzi. Nikamwambia wataalamu huwa hawakubaliani.

Cha thamani kuliko vyote ni kigoda cha babu, kile anachokalia Baba Mkubwa kwenye sengu. Nimemwomba nikakitengeneze mguu. Hakina tatizo la mguu. Yeye kwa sasa anakaa kwenye debe. Karatasi inasema: USIKALIE.

Pankras amesikia, naye ameweka kibao kwake: WANYAMA WA AJABU. Nimekwenda kuchungulia. Simbilisi sita, vile vipanya vya kufuga, kwenye boksi! Wanyama wenyewe anawala kila Jumapili. Mtu mwenye wivu ni mzigo kwa taifa.

Jumapili, 5 Machi

Baada ya misa wamekuja wageni kumi na mmoja. Wote majirani. Wote walikuja kutafuta vitu vyao. Jiwe la kusagia limeondoka na mwenye nalo.

Jumatatu, 6 Machi

Wazo la pili, bora kuliko la kwanza. Nitachimba ngolo uani, yale mashimo yetu ya Kimatengo, wageni waone kilimo cha mababu. Baba Mkubwa akipita ataona mwana anayechapa kazi. Ndege wawili, jiwe moja, na jiwe lenyewe limeshachukuliwa!

Nimechimba mashimo tisa. Sijawahi kuchimba ngolo maishani, nilikuwa ofisini, lakini nimeyaona tangu utoto. Ni mashimo. Nimepanda maharage chini kabisa, yawe salama na upepo.

Gaudiosa alitoka, akatazama muda mrefu. Aliuliza nyasi ziko wapi. Alisema mwanaume anafyeka nyasi, anazilaza miraba miraba, mwanamke anafukia kwa udongo, maharage yanakaa juu kwenye matuta, shimo linabaki la kushika maji. Tena mlimani, siyo uani. Nikamwambia haya ni ya maonyesho. Akarudi ndani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, sikujua kama ni kicheko au kilio, na sikuthubutu kuuliza.

Jumatano, 8 Machi

Siku kubwa!

Mvua tangu alfajiri. Saa nne Landrova imezama kwenye tope mbele ya mlango wangu. Nilitoka na kitabu cha wageni kabla sijatoka na jembe. Ndani alikuwamo Bwana Placidi, mwalimu wa chuo huko Dar es Salaam, na mkewe, na watoto watatu, na mama yake, Bibi Albina, wanayemrudisha kwao Lipingo. Placidi aliomba msaada wa kusukuma. Nikamwambia kwanza makumbusho. Akasema sawa, maana watoto wamelia tangu Songea.

Nilianza vizuri. Nilieleza mkuki ulivyomshinda mkoloni. Kisha Bibi Albina akasimama kwenye chungu cha kifalme. Alikipindua, akaonyesha mikwaruzo mitatu kitakoni. Alisema hiyo ni alama ya mkono wake, na kwamba alimuuzia mama mmoja wa Mbinga pale sokoni Mbamba Bay. Gaudiosa, ambaye ndiye huyo mama, alimwamkia shikamoo kutoka mlangoni, kwa furaha kabisa. Bibi aliniuliza kama mimi namwona ana miaka mia tatu. Nikajibu kwamba udongo wenyewe ni wa zamani. Hilo hata Padri hawezi kulipinga.

Watoto hawakuwepo tena. Nikasikia kelele uani. Ngolo zangu tisa zilikuwa mabwawa tisa, na mle ndani mlikuwa na watoto wa Dar es Salaam, matope hadi masikioni, wanaruka kutoka hili kwenda lile, wanacheka kama wamelipwa. Maharage yangu yanaelea! Mama yao alitaka kuwatoa. Placidi akasema waache, tangu safari ianze hajawaona hivyo.

Hapo ndipo alipoingia Baba Mkubwa. Alikuwa amekuja na Pankras na wanaume wengine kuisukuma Landrova. Amelowa, fimbo mkononi, miguu imechoka. Akasalimia wageni. Akaona kigoda chake. Akakaa.

Nami nikamwambia, kwa adabu, mbele ya wageni, kwamba maonyesho hayakaliwi.

Baba Mkubwa alisoma karatasi herufi moja moja. Akasimama. Alibeba kigoda cha baba yake chini ya kwapa, akatoka kwenye mvua. Njiani alipita kwenye mabwawa na kuyatazama yote tisa.

Placidi ameandika kitabuni kwamba watoto wamefurahi sana kwenye mashimo. Mgeni wangu wa kwanza! Ningefurahi zaidi kama kigoda kingebaki.

Alhamisi, 9 Machi

Sengu wamenikataa. Pankras alikaa mahali pangu. Baba Mkubwa alisema mtu anayemwinua mzee kitini akale na karatasi zake. Nimekula jikoni na watoto. Sikujua kwamba inauma hivi.

Gaudiosa amekwenda peke yake kwa Baba Mkubwa kuniombea msamaha. Amekaa huko mpaka ugali wetu ukapoa. Amerudi na neno: Jumatatu, mteremko utagawanywa kwa kamba. Nusu nilaze nyasi mimi, nusu Pankras. Mwisho ni jua kuzama. Gaudiosa amenishika mkono na kuniomba, kwa siku moja tu maishani, niiname nisiinuke. Nimeapa.

Jumatatu, 13 Machi

Nimeinama kweli. Saa moja hadi saa tano. Miraba minane! Imepinda, lakini miraba. Gaudiosa alinifuata nyuma akifukia, akiimba. Hajaimba tangu nipunguzwe kazi.

Saa tano, honi barabarani. Landrova! Wanarudi kutoka Lipingo, na watoto wametoa vichwa madirishani wanadai mashimo. Nilimwambia Gaudiosa nashuka kidogo tu, kuwaamkia.

Mtu hawezi kuwaamkia wageni bila kuwaeleza historia. Nimewaeleza historia. Nimewaonyesha mteremko kutoka chini, na watu wanavyofanya kazi, mmoja wao akiwa mke wangu. Tumekwenda hata kwa simbilisi wa Pankras, maana mkurugenzi wa makumbusho kama mimi lazima awe na moyo mpana. Walipoondoka jua lilikuwa limekaa juu ya mlima.

Nikapanda mbio. Pankras amemaliza nusu yake. Na nusu yangu imekwisha! Nyasi zimelazwa zimenyooka, udongo umefukiwa, maharage yamo. Gaudiosa amekaa chini, viganja vimechubuka. Baba Mkubwa amesimama kando yake, na inaonekana alikuwa hapo tangu saa saba, akimtazama mwanamke akifanya kazi ya wawili.

Ametoa uamuzi palepale. Nusu ya Pankras ni ya Pankras. Nusu ile nyingine ni ya Gaudiosa. Siyo ya nyumba yangu, ni ya Gaudiosa, kwa jina lake, mbele ya ukoo. Mimi nikitaka kukanyaga pale, nimwombe ruhusa yeye. Gaudiosa alilia, na wanaume wote walitazama pembeni.

Nami nilifurahi, naandika ukweli. Watoto watakula. Tumeshinda, mimi na yeye, na mipango yangu imezaa matunda.

Tukiwa njiani nimemwomba ruhusa rasmi ya kuingia kwenye mteremko wake kesho. Alisimama, akanitazama kwa upendo ambao sijauona siku nyingi, akasema karibu sana, akauliza aniandalie jembe saa ngapi. Nimemjibu jembe halihitajiki. Nakwenda na kamba tu, kupima msingi wa hoteli.