Ofisi Haipigiwi Hodi

Wananchi wote wa Kigoma na Ujiji mnatangaziwa kwamba tatizo sugu la maisha kuingilia kazi limepatiwa ufumbuzi. Idara ya Mizani ya Kazi na Maisha imewaruhusu watumishi wake kufanyia kazi nyumbani, na katika saa za kazi nyumba ya mtumishi si nyumba tena. Ni ofisi ya umma. Kwa hiyo mtu akipiga hodi, ni marufuku kumjibu "karibu". Atajibiwa kiofisi: "Njoo kesho."

Asia, karani wa Idara, aliupokea mwongozo huo kwa mikono miwili. Zamani alimwacha mwanawe Yasmini kwa bibi yake huko Simbo, wakaonana Jumapili kwa Jumapili, mpaka mtoto akaanza kumwogopa kama mgeni. Sasa Yasmini alilala mkekani, pembeni ya kompyuta yenye kikao cha mtandaoni kinachoendelea kutwa nzima. Na mkurugenzi, Bwana Thobias, alikwishaonya: atakayenaswa akisema "karibu", hata mara moja, anarudi ofisini. Asia alikuwa radhi kugombana na Ujiji nzima kuliko kumrudisha mtoto Simbo.

Ugomvi ulianza na jirani, Bi Mwanvua, aliyepiga hodi na bakuli la samaki, migebuka ya ziwani, mkononi.

"Njoo kesho," Asia akajibu.

"Mchuzi utachacha, mwanangu!"

"Mhusika hayupo, shangazi."

"Kwani anayeongea nani?"

"Mimi niko kazini."

Bi Mwanvua akaondoka na bakuli lake, na habari akazisambaza bure. Mtaa ulinuna siku mbili, kisha ukaona mbona lugha yenyewe tamu. Muda si mrefu, aliyekwenda kuomba chumvi akaambiwa mtandao unasumbua, na kijana aliyekuja kuposa akaambiwa suala lake linashughulikiwa. Idara ikajipongeza kwa kuwafikia wananchi majumbani.

Alhamisi, Bwana Thobias akaja kukagua kimyakimya. Aliegesha gari mbali, akapanga kupiga hodi kwa sauti ya kubembeleza ili Asia ajisahau. Ila njiani, pale mtaa wa Mwanga, alikuwa amepitia mtindi, vikombe viwili, na alipofika Ujiji tumbo halikutaka tena habari za ukaguzi.

"Hodi! Mwakeye, dada!" akabembeleza kwa salamu ya Kiha.

"Njoo kesho."

"Asia, ni mimi! Mkurugenzi! Naomba choo!"

Asia aliitambua sauti. Huu ni mtego, akajiambia. Akamtazama Yasmini.

"Mwongozo haubagui cheo, mheshimiwa. Njoo kesho."

Bwana Thobias akaenda kwa Bi Mwanvua, kwa hatua fupi fupi za tahadhari.

"Mhusika ametoka," dirisha likamjibu.

Akajaribu kwa Mzee Nuhu. "Shikamoo, mzee! Naomba choo..."

"Marahaba. Suala lako linashughulikiwa."

Akarudi kwa Asia amejikunja, jasho likimtiririka. "Dada yangu, unataka nini?"

"Mwongozo hutenguliwa na mkurugenzi, mbele ya kikao cha watumishi."

Asia akasogeza kompyuta dirishani. Watumishi wote wakamwona mkubwa wao kang'ang'ania nondo.

"Nautengua!"

"Kuanzia lini?" aliuliza Yunisi wa uhasibu, mtu wa utaratibu.

"Sasa! Jamani, sasa hivi!"

"Na sisi tulioko nyumbani?" akauliza Asia.

"Mbaki! Mbaki mpaka mstaafu!"

Asia akavuta komeo. Neno lenyewe lilikuwa limemkaa kooni tangu mwongozo utoke, na lilimtoka kwa raha.

"Karibu, baba. Choo kiko uani."

Aliporudi kutoka uani, mtu mpya kabisa, Bwana Thobias alimkuta Bi Mwanvua ameshaingia. Kaketi mkekani, Yasmini mapajani, ugali na migebuka mbele yake. Akakaribishwa, akanawa, akamega tonge. Hakuna aliyekumbuka kuzima kamera.

"Mheshimiwa," sauti ya Yunisi ikasikika, "tuendelee na ajenda?"

Bwana Thobias alitazama saa. Ilikuwa katikati kabisa ya saa za kazi. Akamalizia kwanza kumtoa samaki miiba.

"Njooni kesho," akasema.