Kaunta ya Udongo kwa Ajili ya Akina Mama

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kosa la watu wengi ni kupaka kaunta kabla ya kuisugua mafuta yatoke. Si mimi. Mwalimu mstaafu anajua hatua hufuatana. Nimesugua kaunta yetu ya jikoni ya saruji kwa sabuni na maji moto mpaka vidole vikakunjamana. Jumamosi ushirika wa akina mama wa kanisa unakuja kwetu. Mke wangu Kalekye amesema kaunta isipopendeza, atawahamishia kwa jirani, Wavinya, mwenye kaunta ya mawe ya graniti. Kwa Wavinya! Kamwe. Yetu itafanana na chungu cha kale.

Jumanne, 10 Juni

Rangi ya dukani ni ya wavivu. Nimechekecha udongo mwekundu wa kichuguu, nikauchanganya na uji mzito wa ngano. Uji hushika kama gundi. Sayansi hiyo. Nimepaka kwanza kwa brashi, kisha kwa sponji ili kuwe na madoadoa. Nzau, mume wa Wavinya, alichungulia dirishani akauliza kama najenga nyumba ya kuku. Wivu.

Jumatano, 11 Juni

Imekauka. Inanukia mvua ya kwanza! Kalekye aliigusa, akapangusa kidole kwenye kanga. Kwake hiyo ni sifa. Kaluki, mke wa mwanangu Kisilu, amekuja kusaidia maandalizi ingawa ni mjamzito. Aliisifu harufu, akarudi kuisifu tena. Binti mwenye akili.

Alhamisi, 12 Juni

Ukingo umemeguka! Panya? Au Nzau? Nimetega mtego, nikapaka upya.

Ijumaa, 13 Juni

Mtego mtupu. Ukingo umepungua zaidi. Nikajificha nyuma ya mlango. Ni Kaluki! Anamega, anatafuna, amefumba macho. Kweli, wajawazito hutamani udongo. Lakini kwetu Ukambani baba mkwe hamkaripii mke wa mwanawe. Nikakohoa kwa ukali.

"Pole, Baba," akasema. "Nikuchemshie tangawizi?"

Nikasema ndiyo. Kisha nikamwomba Kalekye amkanye. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nimepaka tena, safari hii tabaka nene.

Jumamosi, 14 Juni

Wamekuja! Wavinya aliinama, akanusa, akasema kwa sauti, "Mwalimu, huu ni udongo kabisa! Wa kichuguu!" Nikakiri kwa fahari. Akina mama vijana wakasogea karibu, hasa wale wenye matumbo. Yakaanza maombi, macho yote yakafumbwa. Nilisikia kitu kikitafunwa, nikadhani ni njugu. Tuliposema amina, saruji ilikuwa wazi kutoka sinki hadi jiko.

Jumapili, 15 Juni

Kalekye ametangaza kanisani: kuanzia sasa ushirika utakutana kwa Wavinya. Tukirudi nyumbani akaniambia, "Baba Kisilu, graniti hailiki."

Hasa! Nani aliwahi kuitamani? Udongo wangu hauna kosa. Kosa ni kaunta kuwa chini, usawa wa mikono. Friji letu ni refu; nikilipaka udongo juu, hakuna atakayefika. Hatua hufuatana, na ya kwanza ni rahisi: leo, toa maziwa kwenye friji.