Mama Yangu Kujipangia Uzee Bila Kunipitia

Baltazar Kinunda (Mjomba Balta),
Mapera, jirani na mashine ya kukoboa,
Mbinga.

Kwa Dada Hafidha, Msaidizi wa Sheria,
Chumba cha nyuma ya duka la vitenge,
Mbinga Mjini.

YAH: MALALAMIKO MAZITO KUHUSU MAMA MZAZI KUTUMIA SHERIA

Dada Hafidha,

Asalaam aleikum kwa upande wako, na Tumsifu Yesu Kristo kwa upande wangu, ili pasiwe na upande uliolala njaa. Mwili wangu ni mzima, moyo ndio unaochechemea.

Kwanza nijitambulishe, usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa hivihivi. Shule nilifika darasa la sita. La saba nililisikiliza dirishani, maana ndani nafasi ilikuwa finyu kwa mtu wa akili zangu. Sheria nimejifunza barazani pa mahakama ya mwanzo nikisubiri kesi zangu. Kule Liparamba simba aliwahi kunikuta njiani, akanitazama, akanipisha. Mashahidi wapo, ingawa wengi wamehama.

Sasa, huyo unayemwita mteja wako, Bibi Yuliana, ndiye mama yangu mzazi. Ana shamba la kahawa aliloachiwa na marehemu baba, na ni mzee sana, hawezi kitu bila mimi. Alikuja kwako kimyakimya, akarudi na karatasi zenye mihuri. Zinasema shamba linabaki mikononi mwake mpaka siku atakayofumba macho. Mavuno ya upande wa bondeni yatunzwe kwenye chama cha ushirika, yamhudumie atakapokuwa wa kulala kitandani. Akili ikimpotea, wa kusaini badala yake ni mdogo wangu Theodosia. Mimi, kifungua mimba, sikuona jina langu. Ndipo nikashika kalamu.

1. Jambo hili halikupita sengu. Dada, asili yenu ni pwani, kwa hiyo nikufahamishe: kwetu Wamatengo, sengu ni pale wanaume wa ukoo tunapokula pamoja na kuamua mambo. Mama hakuomba uamuzi, alileta taarifa. Tena aliileta nyuma ya ugali na dagaa wa usipa, akangoja tushibe ndipo akasema. Nilipoinuka kupinga, Baba Mdogo Erasmo, mkubwa wetu, akaniambia, "Kaa chini, Balta. Hoja yako umeshaitafuna." Watu wakacheka mpaka sahani zikalia.

2. Kujipangia kulala kitandani wakati bado unatembea ni kuuita ugonjwa kwa jina. Mimi sijawahi kupanga kuugua, na faida yake naiona: naugua kidogo tu, hasa msimu wa kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani.

3. Theodosia ameolewa Kingerikiti. Nilimuuliza Mama kwa adabu zote, "Mama, saini ya ukoo ikalale kwa watu?" Akanijibu, "Ya Theodosia inalala Kingerikiti lakini inaamka mapema. Yako inalala kilabuni." Maneno hayo jirani aliyasikia, na ameyasambaza.

4. Hapa ndipo penye jeraha. Niliomba nikabidhiwe shamba sasa hivi, kwa kuwa mtunzaji wa Mama ni mimi. Nilikuwa nimeshachonga kibao, SHAMBA LA BALTAZAR, nikakisimika kwa mikono yangu. Kibao hicho leo ni mlango wa banda la nguruwe, maandishi yakiwa kwa nje.

Basi Mama, mbele ya sengu nzima, akasema, "Haya, tufanye mazoezi." Akaingia ndani, akajilaza, akavuta blanketi mpaka kidevuni. "Nimepooza. Nihudumie mpaka jua lizame, shamba ulichukue."

Dada, nilimhudumia vilivyo. Nilichota maji, ndoo ikaniponyoka. Nilikoroga uji, ukashika moto, jambo ambalo hata wazee wa hapa hawajawahi kuliona kwa uji. Nikamgeuza asipate vidonda, naye akasema, "Baba, kichwa cha mgonjwa kiko huku." Kisha nikakaa kidogo kutafakari, macho yakiwa yamefumbwa. Nilipoyafumbua, ua ulikuwa umefagiwa, mgonjwa yuko jikoni anasonga ugali, na aliyefunikwa blanketi ni mimi.

Nakuuliza kisheria: mgonjwa anayepona kabla ya muda, bila ruhusa ya anayemhudumia, si amevunja makubaliano? Mvunjaji ni yeye, kwa hiyo shamba ni langu. Ugali niliula, lakini kwa pingamizi.

5. Sasa ombi lenyewe. Nimechunguza nikagundua kuwa kinachozuia mirathi ni uhai wa Mama peke yake. Sina ugomvi na uhai huo, naupenda sana. Naomba tu umwandikishe kuwa marehemu wa muda, siku za kazi, ofisi zikiwa wazi. Jumapili awe hai aende misa. Msimu wa kuchuma kahawa awe hai mfululizo, maana hakuna mwingine anayeijua ile mibuni. Jeneza halihitajiki. Kilio nitakisimamia mwenyewe, na wapishi tusihangaike kutafuta, atapika yeye.

Nakuomba ulijibu hili haraka, kabla Mama hajajifunza sheria nyingine.

Nisalimie mwenye duka la vitenge, fundi cherehani wa barazani, na wote wanaosubiri kwenye benchi lako, hasa akina mama wazee. Hao waambie warudi nyumbani, wana wao wanawatafuta.

Ni mimi mwana ninayeteswa na akili timamu za mzazi,

Baltazar Kinunda

N.B. Barua hii anakuletea Mama mwenyewe. Mgongo umenikamata tangu yale mazoezi, siwezi kushuka mlima, kwa hiyo anashuka yeye kwa miguu mpaka barabara ya magari, na mkungu wa ndizi kichwani, ambao ni wako. Mpe kiti, ingawa hatakaa.

Asubuhi hii, akinikanda kwa maji ya moto, nilimuuliza, "Mama, na mimi nikija kulala kitandani, nani atanigeuza?" Akanituma nikasome ukurasa wa mwisho wa zile karatasi zako, ambao kwa hasira sikuufikia. Nimeusoma. Umeandika kwamba yeye akishaondoka, mavuno ya bondeni yamtunze mwanawe Baltazar, na nyumbani asitolewe na mtu. Nikamwambia, "Lakini Mama, ulikwenda kupanga uzee wako." Akasema, "Kufa nitaweza mwenyewe. Wewe ndiye hutaweza kuishi."

Kwa hiyo, Dada, usibadili hata nukta. Barua hii ichane, ila Mama asikuone, maana anangoja nimalize aifunge kwenye kitambaa chake cha kanisani isilowe na mvua. Anadhani ni ya kukushukuru.