Dume Langu na Marehemu Baltasar

Jumatatu, 10 Februari
Mimi Wilmar Olivera, mkulima bora wa mji mzima wa Treinta y Tres! Miche sita ya bangi uani, yote halali, kibali nimekitundika ukutani. Ni ya dada yangu Zulma. Ana sklerosisi, ugonjwa wa neva. Miguu humkakamaa kama ngozi mbichi juani, na matone ya maua haya ndiyo pekee humlegezea. Tutavuna mwezi wa nne.
Ila mche mmoja umetokea dume. Zulma kaniambia niling'oe: likimwaga vumbi lake, majike yatazaa mbegu na dawa itakwisha nguvu. Nimemwambia nimeshaling'oa. Uongo! Ndilo refu kuliko yote mtaani. Naliita Jenerali. Limejificha nyuma ya banda la kuku.

Jumanne, 11
Usingizi wa mchana. Mtaa kimya, hata mbwa. Naamka, Jenerali kalazwa kizingitini, kang'olewa, mizizi imeoshwa ikawa nyeupe pe!
Nikamfokea jirani, mjane Nélida. Akacheka: yeye na goti lile apande ukuta? Kisha akaacha kucheka. Eti marehemu mumewe, Baltasar, naye mkulima wa bangi, ndiye aliyekuwa akiosha mizizi ya madume hivyo. Maneno ya wajane! Nimelipanda tena.

Jumatano, 12
Mtego! Nimemwaga unga uani, nikalala jicho moja wazi. Likafumba lenyewe, jicho la usaliti hilo. Jenerali kizingitini tena. Kwenye unga, nyayo za kiatu kimoja, na ubavuni mfuo mrefu. Baltasar alikuwa akiburuta mguu wa kushoto.
Nyayo zinatoka ukutani. Za kurudi hakuna.
Zulma kauliza kutoka kitini, nani alikuwa akipiga mluzi.

Alhamisi, 13
Nimekiri. Zulma hakufoka. Alisema tu kwamba sifa nachukua mimi, kukakamaa anakakamaa yeye. Nikalia kama ndama. Jenerali nimemtia motoni, pale tunapochomea nyama.

Ijumaa, 14
Kibuyu cha yerba, chai yetu chungu ya kupokezana, juu ya ukuta, kinafuka mvuke. Nélida yuko mjini Melo kwa bintiye tangu jana. Nimekunywa. Asante sikusema, mimi si mjinga: ukisema asante hujaziwi tena. Nikakirudisha, kugeuka tu, kimejaa! Amani, basi. Mkulima kamheshimu mkulima.
Kwa hiyo Baltasar hatanuna kwamba nilikata tawi moja la Jenerali kabla ya moto. Liko kwenye glasi ya maji chini ya kitanda changu. Zulma hajui. Mlango nimeukomea.
Ila huo mluzi humu chumbani ni wa nani?