Kijivu Nilichokiamini

Leo nimeumbuka. Na si kule kuumbuka kwa chinichini, mtu anajikaza anaenda zake. Nimeumbuka mbele ya darasa zima, mbele ya mkuu wa chuo, nikiwa wima na nikiwa na uhakika.

Wacha nianzie mwanzo. Mimi hufundisha kompyuta katika chuo kidogo hapa Thika. Niko kwa majaribio, yaani nafanya kazi yote ya mwalimu lakini bado sijaajiriwa. Ninaishi Kimbo kwa dada yangu Ciru, na kitanda changu ni sofa ya sebuleni. Nikiajiriwa, nahamia chumba changu mwenyewe Makongeni. Nisipoajiriwa, naendelea kuamshwa na katuni za watoto wa dada. (Nawapenda sana. Lakini katuni kabla ya chai ni adhabu.)

Sasa, wiki jana wanafunzi walilalamika. Darasa letu lina madirisha makubwa yasiyo na pazia, na projekta yenyewe imezeeka. Mimi huandika code, yale maagizo ya kompyuta, kwenye editor, ile programu ya kuandikia, yenye skrini nyeusi na herufi nyembamba. Kevo, kijana wa miwani anayekaa nyuma kabisa, akainua mkono.

"Tichaa, huku nyuma hatuoni kitu. Tunakuskiza tu kama redio."

Iliniuma. Tena Madam Principal alikuwa ameshaniambia kwamba leo atakuja kukaa darasani, aone ninavyofundisha, kisha aamue kama nabaki au naenda. Kwa hivyo Jumamosi yote nilikaa na laptop nikibadilisha rangi za editor. Unafungua mipangilio, linakuja duara lenye rangi zote, unasogeza kidoti hadi jicho liseme hapo hapo. Majina ya rangi hayaandikwi, ni namba tu. Namba sikuzishughulikia. Mimi jicho langu naliamini. (Kumbukeni hiyo sentensi.)

Nyuma ya maandishi nikaweka kijivu. Kijivu kipole, kama asubuhi ya ukungu. Herufi nikazipa kahawia iliyokolea, rangi ya watu wazima. Makosa ya code nikayapa bluu. Nikasimama mlangoni, nikasoma kila neno kutoka huko. Nikajipongeza kwa chai na mandazi.

Jana baada ya kanisa nikapitia mitumba ya Makongeni kutafuta suruali ya siku kubwa. Nikapata moja safi, ya kijivu, imekaa kama nimeshonewa. Mama muuzaji akaniangalia, akaangalia suruali.

"Boss, hiyo utaiweza kweli?"

"Nitaiweza, mathe."

"Basi wewe uko na confidence."

Nikamshukuru. Nilidhani anasifu umbo langu.

Leo asubuhi Ciru alinikuta mlangoni nikifunga viatu. Akasimama na thermos mkononi.

"Umeamua kuvaa hiyo?"

"Nimeamua."

"Haya. Ngai akutangulie," akasema, kama anayeniombea kwa Mungu.

Nilipoingia darasani, wanafunzi walinyamaza wote kwa pamoja. Jambo hilo halijawahi kutokea tangu nianze kufundisha pale. Nikasema moyoni, ona nguvu ya suruali. Kisha Madam akaingia, akaenda kukaa nyuma kando ya Kevo. Na bahati ilioje! Naye alikuwa amevaa sweta ya kijivu, kijivu kilekile changu. Nikaichukua kuwa ishara njema.

Nikawasha projekta, ukuta wa mbele ukajaa rangi zangu.

"Eeeh!" Darasa zima. Mtu mmoja akakohoa kikohozi kirefu kisichoisha. Kevo akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akavaa tena.

"Huko nyuma mnaona?" nikauliza.

"Tunaona, tichaa! Leo tunaona hadi tumezidisha!"

Nikafurahi. Nikaona nitangulize hotuba kidogo kabla ya somo. (Hapa ndipo ningenyamaza, lakini mwalimu na kunyamaza ni watu wawili tofauti.)

"Code ni lazima isomeke," nikasema. "Ndiyo maana nimechagua rangi za heshima. Background ni rangi gani?"

Wakatazamana.

"Ni grey. Grey inatuliza macho. Hebu semeni."

"Grey," zikajibu sauti chache za woga.

"Sijaskia!"

"GREY!"

"Na maneno?"

"Green," akasema Kevo.

"Hapana, Kevo. Brown."

"Tichaa, ni green."

"Kevo, wewe uko na miwani, achia wenzako." (Mungu anisamehe.) "Wote, maneno ni rangi gani?"

"BROWN!"

Mnajua tulivyolelewa. Mwalimu akisema semeni, watu wanasema. Angetaka waseme tembo ni kuku, wangesema kwa sauti nzuri ya kwaya.

Basi Madam akainua mkono, polepole.

"Mwalimu, pole kwa kukukatiza. Hiyo background unasema ni grey?"

"Grey kabisa, Madam."

"Na hii sweta yangu?"

Hapo ningeweza kujiokoa. Swali lenyewe lilikuwa na harufu ya mtego. Lakini mimi nilidhani ananipa nafasi ya kuonyesha adabu.

"Hiyo pia ni grey, Madam. Na ni smart sana. Hata tumefanana, sweta yako na trouser yangu."

Aii! Darasa lilipasuka. Mmoja alilala juu ya meza. Mwingine alitoka nje bila ruhusa na tukamsikia akicheka hadi kule kwenye matangi ya maji. Madam mwenyewe alifunika mdomo kwa kitambaa, mabega yanatetemeka. Alipopata pumzi alizungumza kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza.

"Mwalimu, sisi wote hapa tunaona pink. Sweta yangu ni pink. Ukuta huo wote ni pink. Na wewe..."

Hakumalizia. Macho yake yalishuka hadi kwenye suruali yangu.

Nami nikaitazama. Kijivu. Imetulia tu.

Nilisikia joto hadi masikioni. Nikakumbuka darasa la pili, nilipochora ng'ombe nikampaka rangi niliyodhani ni kahawia, mwalimu akanichapa akisema ninafanya mzaha. Miaka yote hii nilidhani hakumpenda ng'ombe wangu. Nikakumbuka nyanya mbichi nilizokuwa nikimletea mama kutoka shambani, naye akiniita mvivu. Niliona aibu, ndiyo, lakini pia nilimwonea huruma yule mtoto. Hakuwa anafanya mzaha.

"Kevo," nikasema, "ni green?"

"Ni green, tichaa. Pole."

"Asante. Pole nawe kwa maneno ya miwani. Haya, tufungue somo."

Tukaendelea. Ningefanya nini kingine? Nilifundisha hadi mwisho nikiwa na suruali yangu ya pinki, na sijui kwa nini, leo hakuna aliyesinzia.

Baada ya somo Madam aliniita kando, pale ubarazani. Nikajua sofa inaniita.

"Mwalimu, rangi zako ni mbaya," akasema. "Mbaya sana. Lakini nilikaa nyuma kabisa, na haya macho yangu ni ya cucu, ya bibi kizee. Nimesoma kila herufi. Hapa hatujawahi kuwa na somo ambalo watu wa nyuma wanaliona."

Nikamweleza kwamba mimi nilikuwa nikitafuta tu pa mwanga na pa giza patofautiane vizuri, kwani rangi zenyewe kumbe sizioni kama wengine. Akaitikia kwa kichwa.

"Basi kesho uje usign barua yako. Na ukitaka kubadilisha hizo rangi, uliza Kevo kwanza."

Nimerudi Kimbo nikitabasamu kama mjinga. Ciru alikuwa jikoni akikatakata sukuma.

"Nimepata kazi!" nikamwambia. "Na Ciru, mbona hukuniambia hii suruali ni pink?"

Akaweka kisu chini. "Si nilijua umeipenda hivyo! Hata guka, babake mama, alipaka gate yake pink akasema ni grey. Ilikaa hivyo hadi akazikwa."

"Na hakuna mtu alimwambia?"

"Guka? Nani angemwambia guka?"

Basi ndiyo hivyo, marafiki. Mkinipata njiani huku Kimbo nimevaa kitu cha ajabu, msicheke kwanza. Niambieni ni rangi gani, halafu tucheke pamoja.